Maneno ya Mtoto Ambaye Hakuwa Ukumbini

Mshauri mpendwa,

Najua barua karibu zote zinazokufikia zinaanza kwa kuomba msaada, na mimi kwa kazi yangu mwanzo kama huo ningeupiga mstari mwekundu, lakini leo sina mwingine: naomba msaada. Nakuandikia wewe na si mshauri wa gazeti letu kwa sababu yule wa kwetu anakaa meza ya tatu kutoka yangu, tunachangia birika moja la chai, na mwandiko wangu anaujua hata nikiandika kwa mkono wa kushoto.

Mimi ni mhakiki wa michezo ya jukwaani. Miaka kumi na minne sasa nakaa kiti cha pembeni, safu ya sita, nipate pa kunyoosha mguu, na naomba uniamini nikisema kazi hii naijua, sijisifu, mtu akitoka nje ya sauti nasikia kabla hajafunga mdomo, na mchezo ukiwa umechoka nauona uchovu wake pazia likiwa bado halijatulia. Watu wa jukwaani hawanipendi sana ila wananisoma, na mimi kati ya kupendwa na kusomwa nilishachagua siku nyingi.

Miaka mitatu iliyopita mhariri aliniambia michezo ya watoto na familia imekuwa mingi na hakuna anayeiandika kwa makini, basi nikaanza kwenda na binti yangu, wakati huo ana miaka saba, sasa ana kumi. Siku ya kwanza tulipotoka nilimuuliza ameonaje, akasema, "Simba alikuwa anaogopa kofia yake isianguke." Ilikuwa kweli tupu, na mimi nilikuwa nimejaza kurasa mbili za daftari bila kuliona hilo. Nikaliweka mwishoni mwa uhakiki, juu yake nikaandika "Jaji amesema", na tangu siku hiyo kila uhakiki wangu wa mchezo wa watoto unafungwa na Jaji amesema, na ukweli ni kwamba wasomaji wengi wanaziruka aya zangu zote saba wanakwenda moja kwa moja kwa Jaji. Wala sikuona wivu. Nilivimba kichwa. Dukani watu wananiita Baba Jaji, na nikiitwa hivyo nageuka upesi kuliko nikiitwa kwa jina langu.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe. Kuna kitabu cha watoto cha kurasa thelathini na mbili, picha nyingi maneno machache, kinahusu kivuli kilichosahauliwa shuleni siku ya Ijumaa: mtoto alikimbilia nyumbani mbio mno, kivuli chake kikabaki darasani, kikakaa peke yake na ufagio na ubao na kengele mpaka Jumatatu. Binti yangu amekuwa nacho tangu hajajua kusoma, jalada linashikiliwa na selotepu, ukurasa wa tisa una doa la chai, na mimi nimemsomea mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kukisoma nimefumba macho. Basi kundi moja la waigizaji wakakigeuza kuwa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo kumi na moja, mabango yakajaa mitaani, na mimi nikasema huu ndio wenyewe, huu nitakwenda na Jaji na tutaandika uhakiki ambao watu wataukata na kuuweka.

Nilimwambia jioni wakati wa kula, nikitegemea ataruka kwa furaha. Hakuruka. Alitazama sahani yake, akasema, "Baba, huu nataka kwenda na mama."

Nikamuuliza kwa nini, kwa utani tu. Akajibu, na nadhani alikuwa amelifikiria siku nyingi maana lilitoka limenyooka, "Kila nikicheka unanigeukia. Halafu naisikia kalamu. Halafu nashindwa kucheka tena."

Mke wangu ni mfamasia, si mtu wa kupoteza neno. Aliinua macho akanitazama, akasema, "Tutakwenda Jumamosi ya wiki ya pili, mimi na yeye. Wewe nenda na daftari lako."

Mshauri, nilicheka. Nikamwambia binti kwamba ni sawa kabisa, nikainuka nikaosha vyombo vyote, mpaka masufuria ambayo hayakuwa na uchafu. Lakini liliniuma, nakwambia wazi, liliniuma kuliko neno lolote nililowahi kuambiwa na mwigizaji, na nimeambiwa mengi.

Siku ya kwanza ya mchezo nilikwenda peke yangu, kiti cha jirani nikakiwekea koti. Nilichokiona sikukipenda, na hapo nasimama hata leo. Kwenye kitabu kivuli hakisemi neno, na ndiyo maana mtoto akikisoma anasema kwa niaba yake. Jukwaani wamekipa nyimbo tano kati ya zile kumi na moja, na kila kinachokisikitisha kinakieleza kwa sauti, beti tatu na kiitikio. Aliyekuwa kivuli ni dada mmoja kijana, hii ndiyo nafasi yake ya kwanza kubwa, na robo saa ya mwanzo, kabla hajaanza kuimba, alikuwa akitembea kati ya madawati bila hatua kusikika na ukumbi mzima wa watoto ukawa kimya, watoto mia nne kimya, jambo ambalo miaka yote kumi na minne sijaliona. Hilo sikuliandika. Lilikuwa linapunguza makali ya hoja yangu. Niliandika kuhusu nyimbo, na kuhusu kitabu kilivyojazwa maneno mpaka kikafura, aya saba, na aya zile ni nzuri. Magazeti mengine yaliusifu mchezo tangu mwanzo hadi mwisho, mhakiki mmoja aliuita raha ya nyumba nzima, mtangazaji wa redio alisema alitoa machozi, na mimi kuwa peke yangu upande wa pili ni jambo nililolizoea.

Nikafika mwisho, nikaandika "Jaji amesema", vidole vikasimama. Ukurasa ulikuwa unafungwa saa kumi na mhariri alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akizungusha funguo. Ningeweza kuandika kwamba Jaji hakuwepo. Ningeweza kuufuta ule mstari. Badala yake nikaandika: "Baba, kivuli kilikuwa kizuri mpaka kilipofungua mdomo." Haikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Na nikwambie lililo baya zaidi: nilipoisoma nilifurahi, nikasema moyoni, hii ni nzuri kuliko zote alizowahi kusema.

Mshauri, sentensi ile ilikimbia. Ilisomwa redioni, ilipita kwenye simu za watu ambao aya zangu saba hawajaziona wala hawataziona, shule mbili zilizokuwa zimeagiza viti zikaghairi, na wiki iliyofuata katikati ya wimbo wa tatu mtoto mmoja alipaza sauti, "Kivuli, funga mdomo," nusu ya ukumbi ikaangua kicheko. Haya niliambiwa na mama anayekata tiketi mlangoni, na aliniambia bila kunitazama.

Binti yangu aliikuta shuleni. Mwalimu wake, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameikata kutoka gazetini na kuibandika ukutani darasani. Alirudi nyumbani akasimama mlangoni mwa chumba ninachofanyia kazi, mkoba bado uko mgongoni, akauliza, "Baba, nilisema lini?"

Nikamwambia, "Ni namna ya kuandika tu, mama. Ni kama ungesema."

"Lakini sijauona."

"Najua."

Akauliza, "Sasa mwalimu nimwambie nini?" Na mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nikamwambia asiseme kitu.

Jumamosi ile hawakwenda. Mama yake alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Mtoto alisema akicheka watu watasema amegeuza maneno, na asipocheka watasema kweli ndivyo alivyosema, basi afadhali asiende. Zile tiketi mbili bado ziko kwenye mlango wa friji chini ya sumaku, na tarehe yake ilishapita.

Ningeweza kunyamaza mpaka likasahaulika, maana mambo ya jukwaani yanasahaulika, lakini juzi mtu wa mapokezi ofisini alinipa bahasha iliyoandikwa "Kwa Jaji". Niliifungua. Ndiyo, niliifungua. Inatoka kwa yule dada. Nainakili kama ilivyo: "Mdogo wangu Jaji, mimi ndiye kivuli. Nimesoma ulichosema na sijakasirika, maana ninyi ndio ninaowachezea. Nimejaribu kuimba chini chini, nimejaribu kuimba nimegeuka, bado sijui nilikuharibia wapi. Naomba uniambie ni wimbo gani. Nikijua nitaurekebisha. Na kama ni zote pia niambie, nijue kama kazi hii ni yangu au nitafute nyingine."

Siku hiyo hiyo wenye mchezo wakamwandikia mhariri, kwa adabu kubwa, wanamwalika Jaji na darasa lake zima wakae mbele bure, na mhariri anasugua viganja, anataka picha ya Jaji akishikana mkono na kivuli, na ukurasa mzima. Hajui. Akijua, safu yangu imekwisha, na mimi nayo, maana kwetu anayetunga maneno ya mtu hapewi onyo. Mpiga picha wetu, ambaye ni rafiki yangu na ndiye pekee ofisini niliyemwambia, ananishauri mtoto aende tu atabasamu, ni dakika tano. Mke wangu amesema neno moja: "Mtoto wangu hapigwi picha ya uongo." Binti mwenyewe habari ya bahasha hana, na kuhusu michezo hanisemeshi tena, ananisalimia, ananiomba chumvi, basi.

Mimi nilikuwa nimefikiria njia mbili. Ya kwanza, niandike uhakiki wa pili, mpole. Ya pili naona haya kukwambia: nimeshaandaa rasimu ya jibu kwa yule dada kwa jina la Jaji, kwa mwandiko wa kitoto, na ni jibu zuri, lingempa moyo, hata mke wangu akiliona asingetambua. Liko kwenye droo pamoja na barua yake. Niambie, niitume au nisiitume, na mhariri nimwambie nini, maana maji yamenifika shingoni na bado nataka kuheshimika. Ukiichapa barua hii, nifiche jina.

Mimi,
Baba Jaji


MSHAURI ANAJIBU

Baba Jaji,

Kabla hatujaanza, ujue unaongea na nani. Nilikuwa na tiketi nne za mchezo huo, yangu na za wajukuu watatu. Nilisoma Jaji amesema, nikazirudisha dirishani, nikawapeleka watoto kula aiskrimu wakati mmoja wao alikuwa amekwisha kujifunza kiitikio chote. Kwa hiyo usidhani nimekaa huku nakupimia kwa utulivu wa mshauri. Nimekasirika kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Nimekusikitikia pia, na nikisema pole naisema kwa dhati, kwa jambo moja: lile la wakati wa kula. Mzazi akiambiwa na mtoto wake "safari hii si wewe", panauma mahali ambapo hujui kama pana nyama. Ukaosha masufuria masafi. Wengine wamefanya mabaya zaidi ya kuosha masufuria, na kama ungeishia hapo nisingekuwa na barua ya kujibu.

Lakini acha kunipigia chenga na saa kumi ya kufunga ukurasa. Mwenyewe umenitajia njia mbili ulizokuwa nazo, moja ya maneno mawili na nyingine ya kufuta mstari mmoja, na zote zingetosha mhariri akiwa bado anazungusha funguo. Hukukosa muda. Mwanao alikataa kwenda nawe, na wewe ukaamua atakwenda tu, atake asitake. Ulimkalisha juu ya lile koti, ukamsemea kwa sauti yako, ukamchukulia hata maoni. Kisha ukafurahi kwamba Jaji huyu wa kutungwa ni hodari kuliko yule wa kuzaa. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niiweke barua yako chini nikachemshe maji.

Na tazama lilivyomkuta. Mtoto alikwambia jambo moja la kweli, kwamba ukimwangalia anashindwa kucheka. Leo hawezi kucheka hata akiwa na mama yake, hata wewe ukiwa nyumbani, kwa sababu umemwachia macho ya mji mzima. Ameghairi mchezo wa kitabu anachokipenda kuliko vyote ili asikuumbue. Ulimwambia asiseme kitu, na hajasema. Miaka kumi, Baba Jaji, na amebeba siri yako vizuri kuliko wewe, maana wewe umeshamwambia mpiga picha.

Kuhusu hoja yako ya kivuli kusema au kutosema, sina ugomvi nayo, huenda una haki kabisa. Ni yako. Ulikuwa na aya saba za kuisemea na jina lako juu yake. Yule dada angekusoma, angekutukana na wenzake chumba cha kubadilishia nguo, kesho yake angeimba vile vile, mhakiki anajibika. Wewe ulimpiga kwa mkono wa mtoto kwa sababu mkono huo haurudishiwi. Na robo saa ya watoto mia nne kimya, jambo ambalo hujaliona miaka yote hiyo, umelikalia kwa sababu lingekuharibia makali. Mimi si mtu wa jukwaani, lakini najua kwamba fundi anayeficha kipimo si fundi.

Sasa nisikilize, na usianze kunihariri.

Rasimu ya mwandiko wa kitoto ichane leo, si kuikunja na kuirudisha kwenye droo, ichane. Umeumwa na jambo hili na dawa uliyoitafuta ni kulirudia kwa ustadi zaidi. Nilipofika hapo kwenye barua yako nilitamani kukupigia simu nikuzabe kofi kwa sauti.

Mwanao anatoka shule saa ngapi, unajua. Mwache aweke mkoba, ale, avue viatu. Kisha kaa karibu naye, mama yake akiwepo, umwambie: nilisema uongo kwa jina lako kwa sababu niliumia ulipokataa kwenda na mimi, na kukataa kwako hakukuwa kosa. Ukishamaliza, nyamaza. Usimletee zawadi. Usiseme "lakini". Usilie akaanza kukubembeleza wewe, maana watoto wa aina yake ni wepesi wa kubembeleza na hiyo itakuwa kazi ya pili unamtwika. Mwambie kwamba mwalimu ataambiwa na wewe, kwa mdomo wako, na ile karatasi ukutani utaibandua wewe. Kisha mpe barua yake. Imeandikwa kwa Jaji, si kwa Baba Jaji, na mwambie pia kwamba uliifungua, kabla hajauliza mbona imefunguliwa. Akitaka kujibu atajibu, asipotaka hajavunja sheria. Wewe kazi yako ni kununua stempu.

Kesho yake asubuhi ingia kwa mhariri kabla hujaweka chai mezani. Usiende na maelezo marefu, nenda na masahihisho yameshaandikwa: Jaji hakuwepo ukumbini, maneno yale niliyatunga mimi, hakuyasema. Mwombe yachapwe mahali pale pale, kwa herufi za ukubwa ule ule. Picha utamwambia haipo. Akikuondoa, toka umenyooka. Una macho mazima na miaka kumi na minne ya kazi, utaandika kwingine, na utaanza ukiwa huna kitu kwenye droo. Unasema bado unataka kuheshimika. Hapo ndipo mahali pekee pa kuanzia ninapopaona, na si pabaya.

Yule dada umwandikie mwenyewe, kwa jina lako lote. Ameuliza swali la fundi na wewe ndiye unayelijua jibu: mwambie ni wimbo gani, ubeti gani, na kwa nini. Usimpake mafuta kwa sababu una aibu, atayanusa. Kama unaona nyimbo tano ni nyingi, mwambie ni nyingi, na kwamba si yeye aliyezitunga. Halafu mwandikie ile robo saa, yote, kama ulivyoiona, na uiandike pia gazetini kama bado utakuwa na gazeti. Uhakiki wa pili mpole usiandike. Mtu akisoma upole wako sasa atajua ni toba, na toba haimsaidii mtu kuchagua pa kuwapeleka wajukuu.

Rafiki yako mpiga picha mwambie nimemsalimia, kamera yake aipeleke harusini.

Safu ya Jaji amesema imefungwa, hata mhariri akupigie magoti. Na mchezo bado una wiki tatu. Mwanao akitaka kwenda, atakwenda na mama yake, siku watakayochagua wao, kwa tiketi mpya, na wewe utabaki nyumbani. Wakirudi uwafungulie mlango, uwaulize kama wana njaa. Swali lingine lolote ulimeze.

Mwisho, hili ni kwa wasomaji wangu, maana wengi mmeshamjua Baba Jaji ni nani na kuficha jina lake ni sawa na kumfunika tembo kwa leso. Jibu hili sikulichapa mara moja. Nilimpelekea kwa mkono, nikamwekea sharti: halitatoka, wala barua yake haitatoka, mpaka amwambie mtoto kwanza, amsomee zote mbili, na mtoto akubali. Safari hii asiyakute ukutani.

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi simu ikalia, ni yeye. Alisema mhariri amemsimamisha kwa miezi mitatu na masahihisho yatatoka Ijumaa. Alisema mtoto amekubali barua zichapwe, isipokuwa sentensi mbili katika barua ya baba yake ambazo hakuzipenda, nasi tumezitoa. Alisema Jumamosi iliyopita mama na binti walikwenda kutazama.

Nami ni binadamu, nina wajukuu watatu na nilitaka kujua. Nikamuuliza, "Enhe, mtoto amesema nini?"

Akajibu, "Hilo ni lake, mama."

Nikamwambia mhariri wangu achape.